Kuinua Land Cruiser ya Zamani: Springi Ni Nusu ya Kazi

Springi ndefu huinua bodi, haziinui difu. Ni vizuri jambo hili lieleweke kabla hujatoa hata shilingi, kwa sababu wengi hununua seti ya kuinua gari wakidhani difu halitagonga mawe tena. Difu limekaa kwenye ekseli, na ekseli imekaa juu ya tairi. Kinachopandisha difu ni tairi kubwa peke yake.

Basi springi ndefu zina kazi gani? Zinapandisha chesisi, tangi la mafuta na ngazi za pembeni. Zinatoa nafasi ya kuvalisha hizo tairi kubwa bila kusugua bodi. Zinaruhusu magurudumu kushuka na kupanda zaidi kwenye makorongo. Tena, ukizichagua vizuri, zinabeba mzigo bila gari kulalia nyuma. Ikiwa huhitaji hata moja kati ya hayo, badilisha springi na shokapu zilizochoka kwa mpya za kimo cha kawaida, na gari litakushukuru.

Mwongozo huu unazungumzia Land Cruiser 80, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990 na kurithiwa na ile ya 100 mwaka 1998. Haya ndiyo mashangingi ya miaka ya tisini. Yalikuwa ya wakubwa na mashirika; leo mengi yako kwa wakulima, waongoza watalii na watu wanaopenda chuma kisichochoka. Yana ekseli nzima mbele na nyuma, na springi za koili kwenye magurudumu yote manne, kwa hiyo kuyainua ni kazi ambayo fundi makini anaweza kuifanya bila mashine za ajabu.

Lakini lishike hili: gari likipanda milimita 50, mambo matano yanahama yenyewe. Kasta inapungua, ekseli inasogea pembeni, vali ya breki za nyuma inadanganyika, mipira ya breki inavutika, na pembe za propela zinabadilika. Seti nyingi za bei nafuu huja na springi nne na shokapu nne tu. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuyarudisha matano hayo mahali pake, na ndiyo inayotofautisha gari linaloendesheka na gari refu tu.

Anza na mzigo

Duka zuri la springi halikuulizi kwanza unataka kupanda kiasi gani. Linauliza gari linabeba nini kila siku. Springi za mbele hutengenezwa kwa gari lisilo na ngao ya chuma, au kwa lenye ngao na winchi. Za nyuma hupangwa kwa kilo: gari tupu, mzigo wa kudumu wa kilo 200 hivi, au kilo 400.

Piga hesabu kwa uaminifu. Ngao ya chuma na winchi zinaweza kuongeza zaidi ya kilo 100 mbele. Nyuma, tangi la ziada la lita 90 likijaa dizeli ni kilo 76 hivi. Maji lita 40 ni kilo 40. Madumu mawili ya lita 20 za dizeli ni kilo 34. Hapo umefika kilo 150 na hujapakia begi wala abiria, na bado hujahesabu keria na hema juu ya paa.

Njia ya uhakika ni mizani. Wanunuzi wa chuma chakavu na maghala ya mazao mara nyingi wana mizani ya magari. Pandisha magurudumu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake, gari likiwa limebeba kile linachobeba siku zote. Andika namba mbili hizo uende nazo dukani. Ukifunga springi za kilo 400 kwenye gari linalotembea tupu, litarukaruka kwenye changarawe na tairi za nyuma zitapoteza mshiko penye kona. Ukifunga springi nyepesi kwenye gari la safari, litalala tena baada ya muda mfupi.

Kuhusu kimo, milimita 50 zinatosha. Kwa kimo hicho marekebisho yote yanapatikana madukani na propela za kawaida bado zinavumilia. Ukivuka milimita 75 unaanza kugusa propela ya mbele na mikono ya ekseli, gharama zinapanda, na gari linakuwa rahisi kupinduka, hasa likiwa na mzigo juu ya keria.

Kuna njia za mkato ambazo hazifai hata kama fundi ataapa kwamba zinafanya kazi: kuingiza vipande vya mpira au bomba katikati ya mizunguko ya springi, kuipasha springi moto ili kubadilisha kimo chake, au kuchomelea chochote kwenye springi. Chuma cha springi kikishachomwa hupoteza ugumu wake, na hukatika siku gari likiwa limejaa.

Kagua kabla ya kununua

Gari la miaka thelathini lina magonjwa yake, na springi mpya huyafichua. Inua mbele, shika gurudumu juu na chini, kisha litikise. Likicheza, angalia bearingi za habu, na pia bearingi zilizo juu na chini ya zile tufe za chuma mwishoni mwa ekseli ya mbele. Tufe hizo zikivuja grisi iliyochanganyika na mafuta ya difu, sili zimekwisha. Fanya kazi hiyo kwanza. Gari lenye bearingi zilizolegea hapo, ukiliinua, linaweza kuanza kutetemesha usukani vibaya likikanyaga shimo kwenye mwendo.

Angalia bushi za mikono miwili minene inayoshika ekseli ya mbele, yaani radiasi. Kila mkono una bushi mbili kwenye ekseli na moja kwenye chesisi. Zikiwa zimepasuka, zihesabu kwenye bajeti. Angalia pia bushi za panhadi, ile rodi ndefu inayozuia ekseli isiyumbe kushoto na kulia. Ipo moja mbele na moja nyuma. Piga nyundo kidogo kwenye chesisi karibu na vikombe vya springi usikie kama kutu imeila.

Kisha pima. Gari likiwa kwenye sakafu tambarare na upepo wa tairi ukiwa sawa, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa bodi juu ya gurudumu, pembe zote nne. Namba hizo ndizo zitakazokuambia gari limepanda kiasi gani kweli. Usishangae ukipata zaidi ya ilivyoandikwa kwenye kisanduku: milimita 50 za mtengenezaji huhesabiwa kutoka kimo cha springi mpya za kiwandani, na zako huenda zilishalala zamani.

Vitu vya kuwa navyo

Mbali na springi na shokapu, nunua bushi za kasta au pleti za kasta za kimo hicho hicho, mipira mirefu ya breki kwa mbele na nyuma, kipande cha kurekebisha vali ya breki za nyuma, na kama mfuko unaruhusu, panhadi zenye nati ya kurefusha na kufupisha. Kama shokapu mpya ni ndefu hata zikiwa zimefungwa, ongeza vipande vya kushusha zile raba za kikomo, ili ekseli igonge raba kabla shokapu haijagonga mwisho wake.

Kwa vifaa, unahitaji jeki mbili za haidroliki, stendi nne za chuma, kabari za tairi, spana na soketi nzuri, spana ya toki, na mafuta ya kulegeza kutu. Bushi za radiasi zinatolewa kwa presi ya haidroliki. Kama gereji yako haina, panga mapema na karakana iliyo nayo. Kwa magari ya Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, ambako chumvi ya bahari hula bolti, nyunyizia mafuta jana yake, tena mara mbili. Bolti za radiasi na panhadi hupenda kushikana na bomba la ndani la bushi, na kuzilazimisha kwa bomba refu huzikata.

Siku ya kazi: anza nyuma

Jambo moja la usalama linawapita mafundi wengi. Land Cruiser 80 nyingi huendesha magurudumu manne muda wote na zina difu la katikati. Hendibreki inashika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua nyuma, hendibreki haina kazi, na gia peke yake haizuii gari kusogea kama difu la katikati halijafungwa. Kwa hiyo weka kabari nzito mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, kila mara. Na jeki ni ya kuinulia. Ya kulalia chini yake ni stendi, zikiwa juu ya zege. Kama sakafu ni udongo, tandika mbao nene na pana.

1. Legeza nati za magurudumu gari likiwa chini. Inua nyuma, weka stendi chini ya chesisi, kisha acha jeki ishikilie ekseli.

2. Kabla ya kufungua chochote, weka alama kwenye mkono wa vali ya breki ulivyokaa na pima umbali wake kutoka ekseli. Kipimo hiki kitakufaa baadaye.

3. Fungua mkono wa vali upande wa ekseli, linki za stabilaiza, panhadi upande mmoja, na mwisho wa chini wa shokapu. Angalia mpira wa breki na mpira wa kupumulia wa difu usivutike.

4. Shusha ekseli polepole. Springi italegea, na mara nyingi utaitoa kwa mkono bila kuibana kwa kifaa chochote. Kama bado imebanwa, kuna kitu kimesahaulika. Kitafute, usiing'oe kwa mtaimbo.

5. Safisha vikombe vya springi, badilisha raba zake kama zimekatika, kisha weka springi mpya. Mwisho wa waya wa springi lazima ukae kwenye kituo chake ndani ya kikombe. Springi iliyokaa nje ya kituo italia na itaegemea upande.

6. Funga shokapu mpya, inua ekseli kwa jeki, rudisha panhadi na stabilaiza. Ingiza bolti na nati, lakini usizikaze hadi mwisho.

Kisha mbele

Mpangilio ni ule ule, ila kuna tofauti chache. Stendi zikae chini ya chesisi, nyuma kidogo ya mahali mikono ya radiasi inapofungwa. Nati ya juu ya shokapu huzunguka na fimbo yake; ishike fimbo kwa spana nyingine. Soma lebo za springi: kampuni nyingi huuza springi za mbele zisizolingana, moja ndefu kidogo, na zinaonyesha ni ya upande gani. Hakikisha lebo inahusu gari la usukani wa kulia.

Springi za zamani zikiwa zimetoka ndiyo nafasi ya kushughulikia kasta, kwa hiyo usifunge mpya kabla ya kusoma sehemu inayofuata.

Kuyarudisha matano

*Kasta.* Mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia hulala nyuma kidogo kwa juu. Ulalo huo ndio unaourudisha usukani katikati baada ya kona. Gari likipanda, mkono wa radiasi unainuka upande wa chesisi na kuizungusha ekseli, hivyo mhimili unasimama wima zaidi. Milimita 50 zinaweza kukuibia karibu nyuzi mbili, na 80 inaanza na nyuzi tatu tu hivi. Matokeo yake gari linatangatanga kwenye lami na usukani haurudi wenyewe.

Bushi za kasta zina tundu lisilo katikati. Zinaingia badala ya zile nne za upande wa ekseli. Lengo ni ekseli izunguke hadi sehemu yake ya juu ilale nyuma: tundu la bushi ya mbele ya kila mkono likae juu ya kati, na la bushi ya nyuma likae chini. Chora alama kwa rangi kabla ya kuzipeleka kwenye presi, na kaa hapo hapo zikiingizwa. Zikigeuzwa, zinazidisha ugonjwa mara mbili. Mikono yote miwili lazima ifanane.

*Ekseli kwenda pembeni.* Panhadi imefungwa chesisi upande mmoja na ekseli upande mwingine. Bodi ikipanda, rodi inainama zaidi na kuivuta ekseli kuelekea upande ambao imefungwa kwenye chesisi. Kwa milimita 50 ni milimita chache. Ning'iniza uzi wenye kipande cha chuma kutoka ukingo wa bodi, pima hadi kwenye tairi kushoto na kulia, kisha gawanya tofauti kwa mbili. Panhadi ya kurekebishika huiondoa kabisa. Usikubali panhadi ya zamani ikatwe na kuchomelewa ili irefuke.

*Vali ya breki za nyuma.* Gari lako likiwa na vali hii, inasoma umbali kati ya chesisi na ekseli ili kujua kama kuna mzigo. Ukiliinua, inaona umbali mkubwa, inaamini gari ni tupu, na inapunguza nguvu ya breki za nyuma hata ukiwa umebeba nusu tani. Breki za mbele zinabeba kazi yote na gari linainama pua. Funga kipande cha kuinua kishikizo upande wa ekseli hadi mkono urudi kwenye alama uliyoweka mwanzoni.

*Mipira.* Ekseli ikiwa imening'inia hadi mwisho, zungusha usukani wote kushoto, kisha wote kulia. Hakuna mpira wa breki, mpira wa kupumulia wala waya unaopaswa kukaza. Ukibadilisha mipira ya breki, toa hewa kwenye mfumo wote na ujaze mafuta mapya ya breki.

*Propela.* Zungusha kila propela kwa mkono ukiwa chini, ekseli ikiwa imening'inia. Isiguse kitu wala kukwama. Paka grisi misalaba na mahali inapoteleza. Kukiwa na mtetemo mpya kwenye mwendo fulani tu, chunguza misalaba iliyochoka kabla ya kulaumu kimo.

Kukaza, na saa ya kwanza barabarani

Kosa la kawaida kuliko yote hufanyika hapa. Bushi za mpira hazizunguki kwenye bolti, hujinyonga. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, zitabaki zimejinyonga siku gari likiwa chini, na zitachanika mapema. Rudisha magurudumu, shusha gari, litikise juu na chini, kisha ingia chini likiwa limesimama kwa miguu yake ukakaze bolti za radiasi, panhadi na mikono ya nyuma kwa toki iliyoandikwa kwenye kitabu cha gereji cha modeli yako.

Pima tena pembe nne. Tofauti ndogo kati ya kushoto na kulia ni kawaida. Tofauti kubwa ina maana springi zimebadilishana pande au moja haijakaa kwenye kituo.

Endesha polepole kwanza, kwenye eneo lisilo na magari. Kanyaga breki kwa nguvu kidogo, kisha zaidi. Usukani ukiwa umepinda lakini gari linakwenda moja kwa moja, fundi alegeze rodi inayotoka kwenye boksi la usukani na kuizungusha hadi usukani unyooke. Halafu nenda kwenye alaimenti na uombe kipimo cha kasta kwa maandishi. Mashine ikionyesha chini ya nyuzi mbili, marekebisho hayajatosha.

Taa za mbele sasa zinaangalia juu zaidi, na usiku utawapofusha wanaokuja. Zishushe siku hiyo hiyo.

Tairi, spidi na karatasi

Tairi ya kiwandani ya magari mengi haya ni 275/70R16, yenye kipenyo cha milimita 791 hivi. Wengi huhamia 285/75R16, yenye milimita 834. Difu linapanda nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 21. Ni kidogo kwa macho, lakini kwenye udongo mweusi wa mbuga ni tofauti ya kutambaa na kupita.

Tairi hiyo pia hufanya spidomita ionyeshe chini ya ukweli kwa zaidi ya asilimia tano: sindano ikisema 50, kama ilikuwa sahihi awali, unakwenda karibu 53. Kwenye vijiji vyenye kikomo cha 50, pungua kidogo. Angalia pia kama tairi zinagusa mikono ya radiasi usukani ukigeuzwa hadi mwisho. Skrubu za kikomo cha usukani hurekebisha hilo. Na ijulishe kampuni yako ya bima kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa, usiipe sababu ya kukataa madai siku ya ajali.

Baada ya kilomita 500 rudi chini ya gari na spana ya toki. Kaza upya kila bolti iliyoguswa, tazama kama shokapu zinavuja, na pima tena pembe nne, kwa kuwa springi mpya hulala kidogo zikizoea. Andika vipimo hivyo, toki na tarehe kwenye karatasi moja ikae kwenye droo ya dashibodi. Fundi wa Arusha au wa Isiolo atakayeshika gari hilo baadaye atajua nini kimebadilishwa, na hataagiza mpira wa breki wa kimo cha zamani.